AC ya Pikapu Imechoka, Mapenzi Yasichoke

Kama umewahi kusafiri na mwenzi wako kwenye gari la zamani wakati wa kiangazi, lile swali unalijua: tufunge vioo au tufungue? Mkifungua, vumbi lote la barabara linahamia kwenye nywele ulizosuka jana. Mkifunga, mnageuka mihogo ya kuchemsha. Mmoja anashusha kioo, mwingine anapandisha, na kabla hamjafika mnakokwenda mmeshafukua mambo ya mwaka juzi, hadi ya yule ndugu aliyekopa hela hakurudisha.

Kuna watakaosema AC ni mambo ya mabosi wa Dar. Waje Kisaka kwanza. Huku mkoani Mara, kule Serengeti na Tarime zinakokutana, hali ya hewa siyo ile ya kutokwa jasho ukiwa umekaa. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka ziwani kuja huku unazidi kupanda. Kinachowafanya watu waitamani AC huku ni vumbi. Ukikutana na lori kwenye barabara ya changarawe mwezi wa nane, kwa dakika nzima huoni hata boneti ya gari lako. Bila AC huwezi kufunga vioo, na usipofunga vioo vumbi unalila.

Kaka yangu na mkewe wanaishi huku. Kaka ni mwalimu wa sekondari, na Jumamosi anafanya biashara ya mahindi. Wifi ni muuguzi. Gari lao ni pikapu ya dizeli, dabo kebini, ya miaka ya tisini, iliyopita mikono mingi kabla ya kuwafikia. Wifi ana pumu, na wakati ninapowatembelea alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Alikuwa ameshaacha kupanda gari la mumewe. Kazini alikwenda kwa bodaboda, kanga imefunikwa puani, tumbo mbele. Majirani wakaanza kuuliza kuna nini kati yao.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ya chini: “Wifi, kaka yako gari analitengeneza likiwa la mahindi. Likiwa langu mimi, anasema hela hakuna.”

Kaka naye alikuwa na yake. Alishalipa Sh 70,000 kwa fundi mmoja mjini kujaziwa gesi. Baada ya wiki mbili AC ikawa haina tofauti, akaenda kwa mwingine, akalipa tena. “Sasa nifanye nini?” aliniambia. “Nimeshatoa laki na arobaini, na bado naonekana sijali.”

Sasa wapendwa, hapo ndipo penye kasheshe. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

GESI HAILIWI KAMA DIZELI

Ukienda gereji nyingi ukasema AC haipoi, jibu unalijua kabla hujamaliza sentensi: gesi imeisha. Ni jibu tamu kwa sababu linalipwa palepale. Lakini gesi ya AC haichomwi na injini. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mzunguko uleule, miaka nenda rudi. Kama imepungua, kuna mahali imetokea. Gari la zamani linaweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira yake, hilo ni la kawaida. Ila gesi iliyojazwa leo ikaondoka ndani ya wiki mbili imepita kwenye tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta tundu anakuuzia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kompresa, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, inaikandamiza gesi hadi inakuwa ya moto sana. Inapelekwa mbele ya gari, kwenye kondensa, yale mabati membamba yaliyokaa mbele ya rejeta. Pale inapigwa upepo, inatoa joto lake, inageuka kimiminika. Kutoka hapo inapita kwenye chupa ya kunyonya unyevu, halafu kwenye valvu nyembamba inayoiachia ghafla ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi. Ikiachiwa, inachemka na kugeuka hewa tena. Ile gesi iitwayo R134a inachemka kwenye nyuzi joto 26 chini ya sifuri, ndiyo maana ina uwezo wa kunyonya joto la mle ndani hata kama wewe unaona kumeshapoa. Feni inapuliza hewa kwenye evaporeta, nawe unapata ubaridi wako.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka miguuni kwako na kulitupa mbele ya gari. Sehemu ya kulitupa ikiziba, unaweza kujaza gesi ya nchi nzima na usipate kitu.

(Kwa wapenda historia: kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye AC ya kiwandani, mwaka 1939. Haikuwa na swichi ya kuizima. Dereva alitakiwa kusimamisha gari, kufungua boneti na kuutoa mkanda. Nadhani na wao waligombana sana njiani.)

FUNDI ALIYEULIZA KWANZA

Nilimwambia kaka tumtafute fundi asiyeshika mtungi kabla ya kushika kichwa. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja pale Mugumu, gereji yake mabati manne na mwembe. Wifi alikuja nasi, kwa shingo upande, dirisha wazi na kanga puani.

Mzee hakufungua boneti. Alivuta kigoda, akauliza: “Haipoi wakati gani?”

“Haipoi kabisa, fundi,” kaka akajibu.

“Siyo kweli,” wifi akasema kutoka ndani ya gari. “Tukiwa tunakwenda inapoa kidogo. Tukifika mnadani tukasimama, inaleta joto. Na huku upande wangu kuna joto linatoka chini miguuni, hata AC ikizimwa. Nimeshasema sijui mara ngapi.”

Mzee alicheka hadi akakohoa. “Mura,” akamwambia kaka, “mama ameshanifanyia nusu ya kazi. Uliwaambia hao waliokujazia gesi?”

Kaka alikuwa hajawaambia. Kwake yeye hayo yalikuwa malalamiko ya mke, siyo habari ya gari. Nilimwona wifi akigeuza uso dirishani ili asionekane anatabasamu.

Na wewe unayesoma, kabla hujaenda kwa fundi, kaa na mwenzako mjibizane maswali machache. Inapoa mkiwa kwenye mwendo, inakufa mkisimama? Hapo shuku upepo wa kondensa. Inapoa asubuhi, mchana inashindwa? Huenda gesi ni pungufu kweli, au kondensa haitoi joto la kutosha. Inaanza vizuri, halafu baada ya nusu saa upepo unapungua matunduni, ukizima kidogo unarudi? Evaporeta inaganda barafu. Upepo ni mdogo tangu mwanzo lakini ni wa baridi? Evaporeta imejaa vumbi au feni ya ndani imechoka. Pikapu nyingi za zamani hazina kichujio cha hewa ya ndani, kwa hiyo vumbi lote la njiani linakwenda kulala kwenye evaporeta yenye majimaji na kugeuka tope. Ndiyo ile harufu ya soksi. Anayeendesha macho yake yako barabarani. Anayekaa pembeni ndiye anayeyajua haya yote.

KIPIMAJOTO NA NDOO YA MAJI

Sasa mzee akaanza. Injini ikawashwa, AC ikawashwa. Akainama kusikiliza ule mlio wa “kli” wa klachi ya kompresa. Ukasikika, na uso wa kompresa ukazunguka. Usiposikika, usikimbilie gesi. Angalia fyuzi, rilei na waya kwanza. Ukumbuke pia kwamba gesi ikipungua sana kuna swichi inayoizuia kompresa isiwake, kusudi isijiue. Mkanda ulikuwa mzima, haukulia wala kuteleza.

Kisha akatoa kipimajoto cha kawaida, cha bei ya soda chache, akakichomeka kwenye tundu la katikati la dashibodi. Vioo vikafungwa, hewa ikawekwa izunguke ndani, injini ikapandishwa kidogo. Tukasubiri. Nyuzi 17. AC nzima ya gari huwa inashuka hadi kati ya 4 na 10 hivi, kutegemea joto la nje siku hiyo. Hiyo 17 siyo AC, ni feni.

Halafu likaja jambo ambalo mimi nililipenda kuliko yote. Mzee alichukua ndoo ya maji, akaanza kuimwagia kondensa taratibu kutoka mbele, mbali na mapanga ya feni. Kipimajoto kikaanza kushuka tukiangalia: 16, 14, 12, 11. Maji yalipokauka kikapanda tena. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa mimi niliyesomea mawasiliano: kompresa inafanya kazi, gesi ipo, tatizo ni joto kukosa pa kwenda.

Injini ikazimwa ikiwa bado ya moto, funguo zikatolewa. Mzee akalisukuma panga la feni kwa kidole. Likazunguka lenyewe raundi kadhaa, laini kama pia ya mtoto. Kwenye pikapu hizi feni kubwa inaendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa ya moto, feni inatakiwa kuwa nzito, ikatae kidole. Ikizunguka kirahisi, klachi imekufa, na gari likisimama hakuna upepo. Kwenye mwendo barabara inakupulizia bure. Ndiyo ile ya wifi: tukienda inapoa, tukisimama joto.

Walipoilegeza rejeta, katikati yake na kondensa kukatoka vitu vya kushangaza. Makapi ya mahindi, mbegu za majani, panzi waliokauka, tope la mvua za masika zilizopita. Tulijaza karai. Wakaiosha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka nyuma kwenda mbele. Ile mashine ya kuoshea magari yenye nguvu mzee alikataa isisogezwe, kwani inalaza mabati na kufunga njia ambayo ndiyo mnataka kuifungua.

Klachi ya feni ikapatikana dukani, ya mtumba. Nyuzi zikashuka hadi 12 gari likiwa limesimama. Kaka alitaka kushangilia. Mzee akasema bado.

JOTO LA MIGUUNI

Kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi kuna mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita. Pikapu hizi zina valvu ndogo ya kuyazuia maji hayo, inayovutwa na waya kutoka kwenye kile kitufe chenye rangi ya bluu na nyekundu. Waya ukilegea au valvu ikishika kutu, wewe unaweka bluu lakini maji ya moto yanaendelea kupita. Hapo ndani ya boksi moja AC inapoza na hita inapasha, kama mke na mume wanaolea mtoto mmoja kwa sheria mbili.

Mzee aliubana mpira mmoja kwa kibanio, taratibu, asiupasue. Baada ya dakika chache: nyuzi 9. Wifi akasema palepale, “Miguuni kumepoa.” Alikuwa amelisema hilo joto tangu wanunue gari.

LAKI NA AROBAINI ILIKOKWENDA

Ndipo sasa mzee akaleta geji zake mbili, ya bluu na nyekundu. Alizileta mwisho kwa makusudi, maana ukipima kondensa ikiwa imeziba, namba zote zinadanganya. Kwa gesi ya R134a, kwenye joto la kama nyuzi 30, upande wa chini unatarajia PSI 25 hadi 40 hivi, upande wa juu 150 hadi 250. Pande zote mbili zikiwa chini sana, gesi ni pungufu. Ya chini ikipanda na ya juu ikishuka, kompresa imechoka. Zote zikiwa juu, kuna joto lisilotoka au gesi imezidi.

Za kaka zilikuwa juu zote mbili, kondensa ikiwa safi na feni mpya inavuma. Gesi ilikuwa imezidi! Wale waliojaza walijaza juu ya iliyokuwepo, na gesi ikizidi kondensa inajaa kimiminika, mahali pa kutolea joto panapungua. Kwa hiyo Sh 140,000 za kaka siyo tu hazikusaidia, zilichangia kulichemsha gari.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa gramu. Pikapu ya kawaida huwa haifiki hata kilo moja. Na ukiwa unapima gari limezimwa, geji haikuambii kiasi: kwenye nyuzi 30, R134a itakuonyesha PSI 97 hivi iwe imebaki nusu au imejaa, ilimradi kuna kimiminika ndani. Kujua kiasi ni kuitoa yote kwa mashine, kuvuta hewa kwa pampu angalau nusu saa ili unyevu utoke, halafu kurudisha kwa mizani. Mzee hakuwa na mashine hiyo, na alikataa kuiachia gesi hewani. Aliwaelekeza Musoma, akaandika kwenye karatasi nini kifanyike na nini kisifanyike. Mimi nilimpenda zaidi kwa hilo kuliko kwa yote aliyoyatengeneza.

KAMA KWENU IMEPUNGUA KWELI

Basi itafutwe inakotokea. Gesi inatembea na mafuta ya kompresa, kwa hiyo penye tundu mara nyingi utaona doa la mafuta lililoshika vumbi: kwenye maungio, kwenye mdomo wa kompresa, chini ya kondensa inayopigwa mawe. Povu la sabuni linaonyesha tundu kubwa. Kwa dogo kuna rangi inayotiwa ndani na kumulikwa kwa taa maalumu. Raba za maungio ni vitu vya bei ndogo sana. Na kama gari lenu lilitengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya tisini, ulizeni lilizaliwa na gesi gani. Yale yalitumia R12, inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo ilianza kubanwa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zikatakiwa kuachana nayo kufikia mwaka 2010. Mafuta yake siyo yale ya R134a. Kubadilisha kunawezekana, lakini siyo kwa kumwaga tu mpya juu ya ya zamani.

Moja sitanii nalo. Akitokea mtu akataka kukujazia gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi, shukuru, washa gari, ondoka. Itapoza, ndiyo. Lakini inawaka, na evaporeta ikivuja, inavujia ndani mlimo ninyi na watoto. Na usijifungulie mwenyewe maungio ya mabomba. Gesi ikikurukia inaunguza ngozi kwa baridi, na jicho haliponi kirahisi.

Kingine kidogo: washeni AC dakika kumi kila wiki hata kipindi cha baridi. Mafuta yakizunguka, raba ya kompresa haikauki.

KISAKA SASA HIVI

Kutoka Musoma walirudi na gesi ya kipimo, na kipimajoto kinasoma 7 kwenye mwendo. Kwa feni, kusafisha na safari ya Musoma, kaka alitumia hela ambayo haikupishana sana na ile ya mijazo miwili. Kipimajoto hakikurudishwa kwa mzee, wifi alikinunua. Amekichomeka kwenye tundu la upande wake, na ndani ya daftari la kliniki, ukurasa wa nyuma, anaandika namba: tarehe, wapi, gari linakwenda au limesimama. Ameacha bodaboda. Siku ya mnada alinitumia ujumbe wa simu: “Tumesimama robo saa. 9. Kaka yako ameniuliza mimi kama izimwe.”

Iliyobaki ni valvu ya hita. Ule mpira bado umebanwa, na asubuhi za huku mwezi wa saba hita inatakiwa. Kaka ameagiza valvu Mwanza. Raba za milango nazo zimekwisha, vumbi linapenyeza hata vioo vikifungwa, na wifi ameshaandika hilo kwenye daftari.